Mume wa Kuletwa kwa Waranti

Mutheu hakuwa mtu wa haraka. Tumekaa ukuta kwa ukuta hapa mtaani Mbotela miaka kumi na minne, na sijawahi kumwona akikimbia, hata mvua inyeshe vipi. Nguo zake zikiwa kwenye kamba na wingu limeshafika Jogoo Road, ni mimi nitakayetoka mbio kuzianua huku nikipiga kelele. Yeye atainua kichwa tu aniambie, "Asante, Mama Eve," kama mtu aliyepitishiwa chumvi mezani.

Kazi yake ni kupiga msasa. Wachongaji wa ushirika ulio ng'ambo ya barabara humletea wanyama waliotoka chini ya tezo muda huo huo, bado wana makovu: twiga, vifaru, tembo. Yeye huketi kwenye ngazi ya mlango wake, mnyama mapajani, akamsugua mpaka akawa laini, kisha akampaka rangi ya viatu na kumng'arisha kwa kipande cha blanketi kuukuu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na dirisha langu linatazama ngazi hiyo. Ninayoyasimulia hapa sikuambiwa na mtu.

Sasa, Mutheu alikuwa na tabia ya kusugua huku ameenda. Sijui niseme vipi. Mkono ulikuwa hapa, mwenyewe hayupo. Vumbi la mti, jekundu na jepesi, lilimpanda hadi kwenye nyusi, jua la saa nne likapita ndani yake, na ukimtazama sana hata wewe ulianza kusinzia na mguu juu ya pedeli. Mara unasikia sauti yake kutoka huko alikokwenda.

"Mama Eve, unafikiri Namanga kuna upepo?"

"Mutheu, nina kola kumi na mbili za kumaliza kabla ya Jumatatu. Kila mahali kuna upepo."

"Wa pale mpakani lakini. Nadhani wenyewe unapita tu, hauulizwi chochote."

Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Nilikuwa nikimkemea, halafu nikinyamaza najikuta na mimi nauona huo upepo, unainua mavumbi upande huu na kuyashusha upande ule.

Namanga ndiko alikopitia mumewe. Kivuva alikuwa mchongaji wa ushirika huo huo, mwanamume mrefu, mpole, mzito wa maneno. Walikutana alipomletea Mutheu kifaru cha kupiga msasa, akakaa kungoja, siku ya pili akaja na kifaru kingine akangoja tena, na Mutheu anasema mpaka vifaru vinafika sita hakuna aliyekuwa amesema lolote la maana. Baba yake Mutheu, dereva wa lori kutoka Machakos, ndiye aliyewauliza mnangoja nini. Walizaa mtoto mmoja, Nzilani. Miaka kumi iliyopita, biashara ya vinyago ilipolala kabisa, Kivuva alisikia kuna karakana nje ya Arusha yenye kazi. Akavuka. Nzilani alikuwa na miaka saba.

Miaka mitatu alituma matumizi na alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Baadaye simu ikanyamaza. Tulipiga, haipatikani. Tukapiga mwezi uliofuata, haipatikani. Mwaka ulipokwisha ikapokelewa na mwanamke, akasema hamjui Kivuva yeyote. Ploti nzima, wapangaji wote, iliamua siku hiyo hiyo: ameoa huko. Ndugu zake wa kijijini Wamunyu, waliokosana naye zamani juu ya shamba, walisema hawana habari zake na hawazihitaji.

Mimi ndiye niliyempeleka Mutheu mahakama ya watoto. Yeye hakutaka. Nilimvuta, niliongea kwa niaba yake kwenye kila meza, na hakimu akatoa amri Kivuva atoe matunzo ya mtoto kila mwezi, ingawa mwenyewe hakuwapo kujitetea. "Asiyekuwepo na lake halipo," nilimwambia Mutheu tukitoka, nikajiona mwerevu sana. Majina niliyomwita Kivuva mwaka ule siyarudii hapa, maana ninayaonea haya.

Amri ile ililala kwenye faili miaka mitano. Karani wa mahakama, Bwana Wasike, mzee mwenye subira, alituambia kila mara tulipokwenda kuuliza.

"Mama, amri ni karatasi. Haina miguu. Niletee mahali anapoishi, si 'huko Arusha', nataka mahali hasa. Hapo mambo yanaanza. Kumtelekeza mtoto ni kosa. Hakimu wetu anatia sahihi waranti, hakimu wa upande wa pili anaigonga muhuri, na polisi wa huko wanamkabidhi kwa polisi wetu mpakani."

"Kwa hiyo wanamleta?" Mutheu akauliza siku moja.

"Wanamleta."

"Mpaka hapa?"

"Mpaka mbele ya hakimu, mama."

Tulirudi kwa miguu, na njiani nikamwona anatabasamu peke yake. Nikasimama katikati ya njia. "Mutheu! Wewe hutaki matunzo. Unataka serikali ikuletee mume!"

"Na ikimleta," akasema, "kuna ubaya gani?"

Siku mbili sikumsemesha. Nilikasirika kwa sababu mimi nilikuwa napigana vita, kumbe mwenye vita anatandika kitanda.

Mwezi wa pili mwaka huu, Ndirangu, mfanyabiashara ambaye hununua vinyago ng'ambo ya mpaka na kuja kuviuza huku, alimletea Mutheu gunia la wanyama wa kung'arisha. Nilikuwa dirishani. Nilimwona amechukua tembo, akafumba macho kama kawaida yake, kidole gumba kikapita chini ya tumbo la tembo, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena.

Nieleze kidogo. Katika ushirika kila mchongaji ana nambari yake, na huichonga tumboni mwa mnyama ili akiuzwa, mweka hazina ajue ni jasho la nani. Ni desturi ya hapa. Huko ng'ambo, Ndirangu alituambia, hakuna anayefanya hivyo. Na nambari ya Kivuva, ambayo Mutheu aliipitishia msasa kwa miaka mingi akiwa mwangalifu asiifute, ilikuwa mia tatu kumi na nane.

Alikuja dirishani kwangu akiwa amemshika tembo kwa mikono miwili. "Mama Eve, nusa."

Nikanusa. "Mti."

"Mti mbichi. Huyu hana hata miezi miwili. Yuko hai, na bado anaandika nambari yetu."

Ndirangu mwenyewe, alipoulizwa, alisema ndiyo, anamjua mchongaji, anaitwa Kivuva, mtu mkimya, na akatutajia mtaa na karakana ilipo, ukipita kanisa la mabati. Mahali hasa. Tulimpelekea Bwana Wasike siku hiyo hiyo, na faili ikaamka.

Ilichukua miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote. Mutheu alipaka chokaa chumba. Alinunua godoro jipya, akaomba nimshonee mapazia, akachagua kitambaa chenye majani madogo. Alikuwa akisugua wanyama akiimba kwa sauti ya chini, na akiongea na mimi juu ya Kivuva kana kwamba ametoka kidogo kwenda bombani. Atakuwa amekonda. Atakuwa na mvi hapa, na hapa. Atakataa kula siku ya kwanza kwa haya, siku ya pili atakula. Aliyasema polepole, huku vumbi likipanda. Niseme ukweli: nilianza kumwona. Nilikuwa nikitia uzi kwenye sindano, nikiinua macho namwona Kivuva anaingia langoni, anainama chini ya kamba za nguo, anasimama pale pale alipokuwa akingoja vifaru. Nilipepesa macho, hayupo. Nikaendelea kushona.

Nzilani hakuwa na habari na ndoto hizo. Ana miaka kumi na saba, amemaliza shule, na ameitwa chuo cha uuguzi.

"Mathe, huyo buda anakam na pingu, si maua," alimwambia mama yake siku ya mapazia, kwa Sheng yake. "Alipe karo yangu, ajitoe. Mimi hata simwamkii."

"Utamwamkia," Mutheu akasema.

"Nishasahau hata sura yake, mathe."

Basi tulikuwa watu watatu na faili moja. Nzilani alitaka chuo. Mimi nilitaka Kivuva asimamishwe mahali aone haya. Mutheu alimtaka Kivuva. Hakuna kingine alichokitaka, na nilikuwa naogopa kwa ajili yake, maana mwanamume aliyeletwa kwa pingu harudi kitandani kwa pingu.

Bwana Wasike alipiga simu Jumatano: mtu ameshavuka, kesi ni kesho asubuhi. Nzilani alikataa kuja. Tulikwenda wawili. Mutheu alikuwa amevaa gauni nililomshonea, amesukwa nywele upya, amejipaka mafuta mpaka visigino. Tuliketi kwenye benchi kwenye ujia wa mahakama, watu wakipita na bahasha zao, na yeye alikuwa ametulia kama aliyefika kanisani mapema.

Afisa wa polisi, Bwana Mureithi, alitokea mwisho wa ujia akiwa na mtu amefungwa pingu. Mutheu akasimama. Walipokaribia, alimwangalia yule mtu, kisha akatazama nyuma yake, kama anayengoja wa pili atokee. Hakutokea mwingine. Akasogea pembeni kidogo atazame vizuri zaidi.

"Huyu hapa Kivuva wako, mama," Bwana Mureithi akasema. "Ameitikia jina mwenyewe, na kibali chake cha kazi tunacho."

Mtu yule alikuwa na miaka kama thelathini. Kivuva angekuwa anakaribia hamsini na tano. Nilifungua mdomo nipige kelele, lakini mtu yule alikuwa ameshapiga magoti.

"Wewe ndiye Mama Nzilani," alisema. Kisha akasema kwa Kikamba maneno ambayo sikuyaelewa, na Mutheu akamjibu kwa Kiswahili, kwa ajili yangu.

"Kaa kwenye benchi. Sema polepole, na huyu dada yangu asikie."

Bwana Mureithi alitutazama, akasogea hatua chache hadi dirishani, akawa anashughulika na simu yake. Mungu ambariki.

Yule mtu alisema anaitwa Kimeu. Kwao ni Kitui. Alikwenda Arusha kubeba mizigo, akiwa hana karatasi yoyote, na Kivuva akamwokota sokoni akamfundisha kuchonga. Walilala chumba kimoja. Mwaka wa tatu Kivuva alishikwa na homa, siku tano tu, siku ya tano hakuamka.

"Kibali kilikuwa na jina lake, mama. Bila kibali ningefukuzwa. Hospitali waliniuliza marehemu anaitwa nani." Akazitazama pingu zake. "Nikasema, anaitwa Kimeu."

Kwenye chumba cha pili mtu alikuwa akiita majina ya watu.

"Kwa hiyo wamemzika kwa jina lako," mimi nikasema.

"Ndiyo, mama. Na mimi nikaishi kwa lake. Nilisema nitakutafuta mwezi ujao. Mwezi ukawa mwaka. Ikafika mahali nikaogopa hata kuwaza."

"Na nambari je? Kwa nini ulikuwa unachonga nambari yake?"

"Nambari ipi?"

"Hiyo ya tumboni. Mia tatu kumi na nane."

Alinitazama kama mtoto aliyeulizwa swali la darasa asilolisoma. "Ile ni nambari? Mzee alimalizia hivyo kila mnyama. Nilijua ndivyo anavyomalizwa."

Hapo ndipo jambo lote liliponishukia. Kimya kile chote tulichokiita dharau kilikuwa kaburi. Simu ile ilipokelewa na mwanamke mgeni kwa sababu laini ya marehemu ilipewa mtu mwingine. Nilikuwa nimemtukana maiti, nikampeleka maiti mahakamani, nikafurahi maiti alipoamriwa atoe matunzo. Nilitamani benchi linimeze.

Kimeu aliinama karibu na Mutheu. "Mama, sema ni mimi. Wakikuuliza, sema ndiye. Jina lake nimelila miaka saba, wacha nililipie. Nitachonga, nitaleta kila mwezi, binti atasoma. Nikisema uongo Mungu ananiona."

Alikuwa anajiokoa pia, sikudanganyika. Mtu anayetumia jina la marehemu ana kesi nzito kuliko ya matunzo. Lakini nilifikiria chuo cha Nzilani, nikafikiria yule msichana kila siku akiangalia ile barua ya kuitwa, nikaushika mkono wa Mutheu nikaubana.

"Kubali," nilimnong'oneza. "Hakuna atakayeumia. Kubali tu."

Mutheu alikuwa ameenda tena, kule kwake, nami nilimwona anavyokwenda. Najua alichokuwa anakitazama. Kwenye karatasi zote za serikali mbili Kivuva alikuwa hai. Alikuwa na kibali, alikuwa na waranti, alikuwa na kesi saa tatu na nusu. Angetamka neno moja tu, na Kivuva angeendelea kuwa hai mwezi hadi mwezi, akituma matumizi, na siku moja pengine angeingia langoni.

Wakaita jina.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye mafua, ana leso mkononi. Alisoma faili kimya muda mrefu, akamtazama Kimeu kizimbani, akamgeukia Mutheu.

"Mlalamishi, unamwona mshtakiwa?"

"Namwona, Mheshimiwa."

"Huyu ndiye Kivuva, baba wa mtoto wako?"

Niliomba. Mimi, Mama Eve, mzee wa kanisa, niliomba aseme uongo. Mutheu alishika ukingo wa meza iliyokuwa mbele yake, na kidole gumba chake kikaanza kuusugua ule ukingo, taratibu, kwenda na kurudi. Karani aliinua kichwa. Hakimu akangoja.

"Siye," Mutheu akasema.

Kimeu akafumba macho.

"Una hakika, mama? Karatasi zake zinasema ndiye."

"Mume wangu ni marehemu, Mheshimiwa." Hakuwahi kulitamka neno hilo maishani mwake, na alilitamka kwa sauti ya kawaida, ile anayosemea asante. "Huyu kijana alikuwa naye. Mume wangu amelala huko, juu yake pameandikwa jina la mtu mwingine."

Hakimu alikunja leso. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Alisema shauri la matunzo limekwisha, maana halina mtu wa kushtakiwa, na kwamba Kimeu atabaki mikononi mwa polisi mpaka aandikishe maelezo. Alikuwa anafunga faili Mutheu alipoinua mkono, kama wanafunzi.

"Mheshimiwa, ninaomba kuuliza."

"Uliza, mama."

"Hii sheria iliyovuka mpaka kumleta aliye hai. Haiwezi kumleta aliyekufa?"

Bwana Wasike aliangalia sakafu. Hakimu aliiweka kalamu chini, akamtazama Mutheu kwa muda, na nadhani yale macho mekundu hayakuwa ya mafua peke yake.

"Kifungu hicho hakipo, mama," akasema. "Pole sana."

Tulitoka ujiani. Kimeu alikuwa tena kwenye lile benchi, pingu mikononi, Bwana Mureithi akingoja gari. Nilidhani Mutheu atapita. Nilikuwa nimeshamtafutia njia kati ya watu, nikiwaza nitamwambia nini Nzilani, nani atauza nini ili msichana aende chuo. Lakini Mutheu alisimama mbele ya Kimeu.

"Mlimzika wangapi?"

"Wanne, mama. Mimi, mwenye karakana, na Wakamba wawili waliokuwa wanapita na mzigo wa magogo."

"Mchungaji?"

"Hakukuwa na mchungaji."

Mutheu akatikisa kichwa polepole. "Mliimba?"

"Tuliimba, mama."

"Kwa lugha gani?"

"Kikamba."

"Beti ngapi?"

Kimeu aliinua uso. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya pingu.

"Zote, mama. Tuliziimba zote."

Mutheu akaketi chini sakafuni, na gauni lake jipya, katikati ya watu na bahasha zao, akalia kwa sauti kubwa. Nikaketi karibu naye nikamshika, nikamwomba Kivuva msamaha.